Pazia lilishapasuka, sasa hii foleni ya kuombewa ni ya nini?

#1 Fundi_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili bila matusi.

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, mke wangu kakulia Moravian kule Mbeya. Tangu mwaka jana anakwenda kwa mtumishi mmoja hapa Dar (simtaji, mods msihangaike). Siku ya kuonana na mtumishi anatoka nyumbani saa kumi alfajiri akawahi namba. Namba ni bure, ila unaingia na bahasha ya "mbegu", na ukitoka kuna mafuta na maji ya kununua. Anakaa pale hadi alasiri. Zamu yake ikifika anawekewa mkono kichwani, dakika mbili, basi.

Hela nimeshazisamehe. Kinachoniumiza kichwa ni hiki: darasa la kipaimara tulifundishwa kwamba Yesu alipokata roho, pazia la hekalu lilipasuka toka juu hata chini (Mathayo 27:51). Kabla ya hapo nyuma ya pazia aliingia kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka, tena na damu. Baada ya hapo Waebrania 4:16 inatuambia "na tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri". Sote. Muuza mihogo na askofu wanapita mlango mmoja.

Nikamuuliza, kwa nini usiombe hapa hapa sebuleni? Akanijibu: "Naomba. Ila ya kwake inafika."

Hapo nikakosa la kusema. Swali langu kwenu: Wakristo hatujui kwamba tumepewa nafasi hii, au tunajua ila hatuitaki?

#2 Kiroboto

Nimekaa paleee na karanga zangu. Wapentekoste wakifika mniamshe.

#3 Mwalimu_SandeSkuli

Mkuu Fundi, jibu ni fupi: hawajui. Biblia zipo kwenye pochi, hazisomwi. 1 Petro 2:9 inawaita waamini wote "ukuhani wa kifalme". 1 Timotheo 2:5 mpatanishi ni mmoja, Kristo Yesu. Luther alilipigia kelele jambo hili tangu mwaka 1520, kwamba kila aliyebatizwa ni kuhani, na kanisa lote lililomsumbua Luther halikuweza kumnyamazisha. Miaka mia tano baadaye mjukuu wake wa Tabata anapanga foleni saa kumi alfajiri!

Fundisheni watu Neno, foleni itakwisha yenyewe.

#4 Katekista_Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo.

Mwalimu, hiyo 1 Timotheo 2:5 umeichomoa katikati. Panda juu mistari minne tu, sura hiyo hiyo, Paulo anaagiza dua, sala na maombezi yafanyike kwa ajili ya watu wote. Paulo huyo huyo anawaomba Waefeso wamwombee (6:19). Mungu mwenyewe aliwatuma rafiki zake Ayubu wakaombewe na Ayubu (42:8), akamwambia Abimeleki kwamba Ibrahimu ni nabii, naye atamwombea (Mwanzo 20:7). Abimeleki alikuwa anaongea na Mungu ndotoni, ana kwa ana, na bado akaelekezwa kwa mtu!

Kwa hiyo kuombewa hakuzibi pazia. Sisi Wakatoliki tunawaomba hata watakatifu walioko mbinguni watuombee, mnatucheka kila siku. Leo nawaona na nyinyi mna watakatifu wenu, tofauti ni kwamba wa kwenu wako hai na wana namba ya M-Pesa.

#5 Kiroboto

Katekista kaingia na rungu 😂😂

#6 Dada_wa_Mwananyamala

Mnanukuu mistari tu, ngoja mimi niseme yaliyonipata.

Nimeolewa, sijapata mtoto, na umri unakwenda. Hospitali niliyokuwa natibiwa daktari alikuwa anaandika tu, hainui macho. Mchungaji wa usharika wangu ni mtu mzuri, lakini nilipomwendea ofisini alikuwa na kikao cha ujenzi, akaniombea huku amesimama, kashika funguo za gari. Nikaenda kwa mtumishi. Nilipanga foleni, ndiyo. Nilitoa sadaka, ndiyo. Lakini yule mtu aliniita kwa jina, akaniuliza mama mkwe ananisemaje, na nilipolia alininyamazia hadi nikamaliza.

Sasa mwalimu #3 unaniambia sijui Biblia. Naijua. Hana alikwenda Shilo akaomba mwenyewe, midomo inacheza, sauti haitoki. Na kuhani Eli, mwenye kazi yake pale hekaluni, akamwona mlevi. Wengi wetu tumeshakutana na akina Eli, ndiyo maana tunahama.

Mtoto bado. Msiniulize.

#7 Ngosha_wa_Kahama

Pole dada #6. Ila mimi naona wote mnazunguka. Hiki kitu ni cha zamani kuliko ukristo wenyewe hapa kwetu. Babu zetu walikuwa na mganga: unatoka mapema, unakuta watu barazani, unaingia mmoja mmoja, unaambiwa nani anakuroga, unapewa cha kuondoka nacho na masharti yake. Badilisha kaniki weka suti. Badilisha kibuyu weka chupa ya mafuta. Kuna kilichobaki?

Loliondo mmeshasahau? Mwaka 2012 nchi nzima ilihamia kwa mganga mmoja kunywa kikombe cha elfu moja, wakiwemo wakubwa.

#8 Mzee_wa_Karatu

Ngosha, rekebisha. Ilikuwa 2011, na bei ni shilingi 500, haikuzidi. Halafu marehemu Babu Ambilikile Masapila hakuwa mganga, alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT (kanisa la Kilutheri), na alisema ameoteshwa na Mungu. Mimi nilikwenda kijijini kwake Samunge. Magari yalipangana kilomita nyingi, watu wanalala porini, wagonjwa wengine wanafia njiani.

Sikilizeni sasa, maana hili linamhusu Fundi. Dawa ile mti wake ulijulikana, wenyeji wanauchemsha miaka yote. Lakini ilikuwa ni lazima uinywee pale, kwa mkono wake. Kubeba nyumbani hairuhusiwi. Na watu walielewa mara moja! Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hiyo "ya kwake inafika" ya shemeji yetu ilikuwepo Samunge tayari.

#9 Njoo_Tuseme

Na wale waliokufa Moshi mwaka 2019 wakigombania mafuta ya upako?

#10 Mzee_wa_Karatu

Tarehe 1 Februari 2020, viwanja vya Majengo. Watu 20. Waliambiwa wapite wayakanyage mafuta, wakakanyagana wao. Tuwe waangalifu na tarehe, waliofiwa wamo humu.

#11 Mjoli_Kilifi

Bwana asifiwe. Mimi niko Kenya, Kilifi. Nyinyi mwalia foleni na mafuta, sisi tuna Shakahola. Tangu Aprili 2023 serikali imefukua miili zaidi ya 400 kwenye ule msitu, watu waliofunga mpaka kufa kwa kuambiwa watakutana na Yesu. Kufunga na kuomba ni jambo jema, Yesu alifunga. Lakini wale walishamkabidhi mtu mmoja kazi ya kusikia kwa niaba yao. Akisema Mungu amesema, hakuna anayekwenda chumbani kwake kuuliza tena.

Kwa hivyo Katekista, mimi sikubaliani kwamba ni suala la kuombeana tu. Kuombewa na kusikiliziwa ni mambo mawili.

#12 Katekista_Mstaafu

Mjoli, hapo umesema. Sina pingamizi.

#13 Ami_Tanga

Assalaam alaykum majirani. Sitaki kuvuruga uzi wenu, ila hiyo nadharia ya pazia mimi inanipa mashaka. Sisi hatujawahi kuwa na pazia wala kuhani. Qur'an 2:186 Mwenyezi Mungu anasema yupo karibu, anaitikia maombi ya mwombaji anapomwomba. Hakuna wa katikati. Na bado Ijumaa jioni ukipita kwa baadhi ya masheikh hapa Tanga utakuta mabenchi yamejaa akina mama wanasubiri kusomewa dua na kuandikiwa kombe (aya zinazoandikwa, zikaoshwa na maji ya kunywa), na hawaondoki bila kuacha chochote.

Basi huenda tatizo si kuijua Biblia wala kutoijua. Mtu mwenye shida hapendi kuwa peke yake na shida yake.

#14 Kiroboto

Ami karibu karanga.

#15 Fundi_Tabata

Nashukuru kwa michango. Dada wa Mwananyamala, pole sana. Maneno yako ya funguo za gari yamenigusa.

Ngosha, hiyo ya mganga siinunui yote. Huko Ulaya na Marekani hawana kaniki wala kibuyu, lakini kuna wahubiri wa kwenye televisheni walioanza kutuma vitambaa vya maombi kwa posta kabla sisi hatujapata umeme. Kama ni urithi wa babu zetu, wao wameurithi kwa nani?

#16 Baba_Neema_Minnesota

Kweli kabisa Fundi, huku Marekani vipo mpaka leo. Halafu sisi Waswahili wa huku tuna ya kwetu: maombi ya simu. Nyinyi mkiamka kwenye maombi ya saa tisa usiku, majira ya joto huku kwetu ni saa moja jioni, tumetoka kazini tunapika. Tunaunganishwa Wakongo, Warundi, Watanzania, watu mia na kitu kwenye laini moja. Mama mmoja aliyeko kambi ya Nyarugusu anaomba kwa Kiswahili cha Kivu, sisi jikoni tunaitikia amina huku tunakaanga samaki.

Hakuna sadaka, hakuna mafuta. Ila nikiwa mkweli, siku laini ikikatika siendelei mwenyewe. Nafungua mpira.

#17 Jirani_Mwenye_Usingizi

Hao wa saa tisa usiku ndio majirani zangu! Wakuu, Yesu alisema ingia chumbani mwako, ufunge mlango (Mathayo 6:6). Hakusema washa spika mbili ziangalie dirisha la jirani. Mimi nina mtoto mchanga na zamu ya asubuhi. Katika haki zote za Mkristo kwenye maombi, na mimi Mkristo mwenzao nina haki ya kulala?

#18 Mwalimu_SandeSkuli

Mathayo 6:7 mkuu, "msipayuke-payuke". Wapelekee barua.

#19 Mlokole_Karagwe

Mwalimu, wewe Luther, Luther. Mbona hamsemi ya kwetu? Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Uganda, ukatufikia Bukoba na Karagwe, ulikuwa hauna mtumishi wa kupangiwa foleni. Nimelelewa humo. Wanakaa duara, wengi wao wakulima wasio na cheo chochote kanisani. Anasimama mama, anaungama kwamba amemchukia wifi yake, wifi yupo pale pale, wanaombeana, wanaimba Tukutendereza. Mchungaji akiwepo anaungama na yeye kama wengine. Walitukanwa sana, waliitwa wasumbufu, baadhi ya wachungaji waliwaogopa.

Sasa tujiulize, iliishaje? Nadharia yangu: mjini. Ule mduara ulihitaji watu wanaojuana, wanaojua hata ng'ombe wa nani amekufa. Dar umepanga chumba, jirani humjui jina. Nani wa kukuombea? Unatafuta wa kulipia.

#20 Katekista_Mstaafu

Ndiyo maana maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki (AMECEA) miaka ya 1970 walisisitiza Jumuiya Ndogo Ndogo. Nyumba kumi, kumi na tano, wanasali kwa zamu kwa kila mtu. Mjini zipo hata leo.

#21 Njoo_Tuseme

Zipo, mzee wangu, shikamoo. Ila kwenye jumuiya yetu sala ni dakika kumi na michango ni saa nzima. Ukikosa mara mbili na hujalipa zaka, siku ukifiwa unaulizwa kadi.

#22 Katekista_Mstaafu

Marahaba. Hilo nalijua, na ni aibu.

#23 Mwanafunzi_Makumira

Nasoma theolojia, naomba niongeze moja ambayo sijaiona humu. Kutoka 20:19. Waisraeli wako chini ya mlima Sinai, Mungu anasema nao wote moja kwa moja. Wao wanamwambia Musa: sema nasi wewe, nasi tutasikia, bali Mungu asiseme nasi, tusije tukafa. Yaani walikuwa tayari wamefika, wakarudi nyuma kwa hiari yao.

Kwa hiyo swali la Fundi, "hatujui au hatuitaki", mimi nachagua la pili. Kumkaribia Mungu mwenyewe kunatisha. Utaulizwa habari zako. Kwa mtumishi unaulizwa habari za adui zako, adui wa kazini, wa ukoo, wa ndoa. Ni rahisi zaidi. Angalieni mtoza ushuru wa Luka 18, hakuthubutu hata kuinua macho, kajipigapiga kifua, sentensi moja. Ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Ile sentensi yake hatuipendi.

#24 Dada_wa_Mwananyamala

Mwanafunzi, umesoma vizuri ila kwangu umekosea mlango. Sikuwa namwogopa Mungu. Nilikuwa nimemkasirikia. Kila nikipiga magoti naanza vizuri, katikati nasikia hasira, naamka. Sasa mtu aliyekasirika anapatanishwa na nani? Si mtu wa tatu?

#25 Mwanafunzi_Makumira

Dada yangu, hapo sina darasa. Ila Zaburi 88 ipo. Mwenye zaburi analalamika mwanzo hadi mwisho, anamaliza gizani, hakuna shukrani wala haleluya, na wazee walioikusanya Biblia hawakuiondoa.

#26 Dada_wa_Mwananyamala

Nimeisoma sasa hivi. Asante.

#27 Mvivu_Mwaminifu

Tusipambe. Sababu ni uvivu. Kuomba peke yako kunachosha kuliko kulima. Petro, Yakobo na Yohana, waliochaguliwa kabisa, Gethsemane walishindwa kukesha hata saa moja, tena Yesu yuko hatua chache tu mbele yao. Mimi nikifunga macho nakumbuka gesi imeisha, deni la kikoba, meseji sijajibu. Nikiombewa na mtu mwenye sauti nzito walau akili inakaa.

#28 Kiroboto

Na kuna wale wasiochoka. Mzee wetu wa kanisa alipewa aombee chakula msibani, akaanzia Mwanzo. Alipofika Wamakabayo pilau lilikuwa limeganda.

#29 Mwalimu_SandeSkuli

Kitabu cha Wamakabayo si cha kwetu hicho, huyo mzee ni wa Katekista.

#30 Fundi_Tabata

Wakuu, mke wangu kausoma uzi. Ameukuta kwenye simu yangu usiku, na amesoma wote mpaka kwenye pilau.

Hakugomba. Aliniuliza tu: tangu tuoane, lini mimi nilimwekea mkono kichwani nikamwombea kwa sauti, kwa jina lake, mambo yake? Akasema anajua kabisa habari za pazia, hata Mbeya zilifundishwa. Lakini nyumba nzima anayeomba kwa sauti ni yeye, mimi nasema amina na kuuliza chumvi iko wapi.

Sina cha kujibu hadi sasa.

#31 Ngosha_wa_Kahama

Duh. Shemeji kapiga penalti.

#32 Mjoli_Kilifi

Sasa Fundi, kwani si ungeanza leo? Yakobo 5:14 inasema waitwe wazee wa kanisa, lakini 5:16 inasema tuombeane. Mume hajakatazwa.

#33 Mvivu_Mwaminifu

Tatizo ukianza ghafla baada ya uzi ataona unamwigizia. Anza na kitu kidogo, safari au mtihani wa mtoto.

#34 Njoo_Tuseme

Mimi bado nina la hela, hamjaligusa. Watu wanasema sadaka ya kuonana na nabii ni wizi. Lakini 1 Samweli 9, Sauli na mtumishi wake wanatafuta punda waliopotea. Sauli anasema tutampelekea nini mtu wa Mungu, mkate umeisha. Mtumishi anatoa robo ya shekeli ya fedha. Na mke wa Yeroboamu alibeba mikate kumi na asali (1 Wafalme 14). Kwa hiyo bahasha ipo kwenye Biblia. Mnasemaje?

#35 Mwalimu_SandeSkuli

Matendo 8. Simoni alileta fedha apewe uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, Petro akamwambia fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Na Gehazi, mtumishi wa Elisha, alipomfuata Naamani aliyeponywa ukoma akachukua talanta mbili za fedha na mavazi, aliondoka na ukoma. Elisha alikuwa amekataa hata senti.

#36 Njoo_Tuseme

Elisha alikataa za Naamani. Je, alikataa chumba alichojengewa na yule mama wa Shunemu, na kitanda na meza na kinara? Alilala humo. Na Wakatoliki nao wanatoa hela ya nia ya Misa, yaani padre aadhimishe Misa kwa ombi lako, Katekista amekaa kimya hapo 😀

#37 Katekista_Mstaafu

Sijakaa kimya, nilikuwa shambani. Sadaka ya nia ipo. Lakini Sheria ya Kanisa, kanuni ya 945, inawahimiza mapadre waadhimishe Misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata kama hawakupokea chochote, na ya 947 inataka kiepukwe hata kile kinachofanana na biashara. Ukikuta paroko amekurudisha kwa sababu huna hela, mpelekee hiyo namba.

#38 Njoo_Tuseme

Kanuni nimeziandika. Nikienda nazo paroko akanifukuza nitasema nimetumwa na wewe.

#39 Mzee_wa_Karatu

Tofauti ya Sauli na bahasha za leo ni moja. Samweli hakuomba. Sauli mwenyewe ndiye aliyeona aibu kwenda mikono mitupu. Na robo ya shekeli haitajwi tena popote, ila Samweli ndiye aliyemkaribisha chakula na kumpa paja.

#40 Njoo_Tuseme

Mzee, kwa hiyo unasema aliipokea au hakuipokea? Andiko halisemi.

#41 Mzee_wa_Karatu

Halisemi. Na wewe usilisemee.